Maumivu ya chini ya kitovu yasiyoisha: kabla hujameza tena dozi ya "UTI sugu"

Mwanamke akisema tumbo la chini linamuuma mwezi wa tatu sasa, majirani wana jibu tayari: hilo ni chango. Mwanaume akisema hivyohivyo, ataambiwa ana ngiri. Wote wawili wakifika duka la dawa, jina linabadilika na kuwa UTI sugu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokwisha, wanatoka na vidonge vya siku tano. Majina haya matatu yamefunika magonjwa mengi yasiyo na undugu wowote, na dawa ya ugonjwa mmoja haiugusi mwingine. Ndiyo maana mtu anameza dozi nne kwa mwaka na maumivu yako palepale.

Maumivu yakirudi baada ya dozi iliyomezwa yote, cha kwanza kutiliwa shaka ni jina la ugonjwa. Watu wengi hufanya kinyume: jina wanaliacha lilivyo, wanatafuta dawa kali zaidi.

Lakini kwanza tuyatoe yale yasiyosubiri. Mwanamke yeyote aliye katika umri wa kuzaa, tumbo la chini likimuuma, apime mimba. Apime hata kama anatumia uzazi wa mpango, hata kama "ameona siku zake" wiki iliyopita. Mimba iliyotunga nje ya kizazi mara nyingi huonyesha makali yake kati ya wiki ya 6 na ya 8 tangu hedhi ya mwisho, na damu kidogo inayotoka wakati huo hudhaniwa ni hedhi iliyokuja nyepesi. Kipimo kikionyesha mistari miwili na tumbo linauma, hasa upande mmoja, nenda siku hiyohiyo hospitali yenye altrasaundi na chumba cha upasuaji. Ukihisi kizunguzungu, ukizimia, au ncha ya bega ikaanza kuuma bila sababu, inawezekana damu imeshaanza kuvujia tumboni. Damu hiyo huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na neva ya kiwambo hicho huyapeleka maumivu begani. Hapo hata saa moja ni nyingi.

Kidole tumbo nacho kina njia yake: maumivu huanzia kuzunguka kitovu, baada ya saa kadhaa yanahamia chini kulia, hamu ya chakula inakatika, na kila hatua unayokanyaga inatonesha. Ovari iliyojinyonga huja ghafla, upande mmoja, pamoja na kutapika. Na kijana wa kiume anayelia tumbo la chini, mzazi amwombe avue amwangalie korodani. Korodani ikijinyonga ina kama saa 6 kabla haijaanza kufa, na vijana wengi kwa haya husema "tumbo" badala ya kutaja panapouma.

Sasa turudi kwenye maumivu ya wiki na miezi.

Karatasi ya mkojo

Angalia karatasi ya majibu uliyopewa. Mara nyingi inasomeka hivi: seli za usaha 6 hadi 8, bakteria wachache, seli za episelia +++. Mtu anaonyeshwa mstari wa kwanza, anaambiwa ana UTI. Mstari wa tatu ndio wenye habari. Seli za episelia ni za ngozi laini ya uke na ya mlango wa njia ya mkojo. Zikiwa nyingi kiasi hicho, maana yake kopo limepokea mkojo uliosuuza uke kabla ya kuingia. Hizo seli za usaha na hao bakteria huenda hawajawahi kufika kwenye kibofu.

Mkojo wa kupima maambukizi unakingwa hivi. Nawa mikono. Mwanamke atenganishe midomo ya uke, ajisafishe kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, na aendelee kuitenganisha. Mwanaume avute govi nyuma kama lipo. Mkojo wa mwanzo uende chooni. Ukiwa bado unatoka, ingiza kopo, jaza nusu, kisha liondoe kabla mkojo haujaisha. Kidole kisiguse ndani ya kopo wala ndani ya kifuniko. Kopo lifike maabara ndani ya saa 1, na likichelewa likae kwenye friji. Bakteria wa kawaida wa utumboni, wakipata joto zuri, hujigawa kila baada ya dakika kama 20. Mmoja aliyedondokea kwa bahati mbaya anaweza kuwa zaidi ya 500 baada ya saa 3 dirishani.

Kijiti cha kuchovya kwenye mkojo nacho kina mipaka. Alama ya nitriti, kemikali inayotengenezwa na bakteria, inahitaji mkojo uliokaa kibofuni kama saa 4, kwa hiyo mkojo wa asubuhi ndio unaosema kweli. Alama ya chembe nyeupe inaonyesha mwasho tu. Klamidia, ugonjwa wa zinaa, huiwasha, kichocho huiwasha, uchafu wa ukeni huiwasha.

UTI ikirudi mara ya pili ndani ya miezi michache, usikubali dozi nyingine kabla mkojo haujaoteshwa. Majibu huchukua siku 2 hadi 3. Kinachotafutwa ni bakteria wa aina moja, kwa kawaida kuanzia 100,000 kwa mililita. Zikiota aina tatu na zaidi, sampuli imechafuka, irudiwe. Chini ya jina la bakteria kutakuwa na orodha ya dawa zenye herufi S au R: S inamuua, R imeshindwa. Sampuli itolewe kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu hata dozi ya siku moja inaweza kuzuia bakteria wasiote na ukaambiwa huna kitu.

Maambukizi ya kweli ya kibofu hayafichiki: unaungua ukikojoa, unakwenda chooni kila mara, mkojo ni kidogo na unaharakisha, panauma juu kidogo ya mfupa wa kinena. Dawa ikiwa sahihi, nafuu huonekana ndani ya siku 2 au 3. Tumbo la chini linalouma miezi mitatu bila shida yoyote ya mkojo, mimi siliiti UTI, karatasi iseme itakavyosema. Kipo pia kibofu kinachouma bila bakteria kabisa: maumivu yanapanda kadiri kinavyojaa, yanashuka ukikojoa, na mkojo ukioteshwa hauoti kitu. Huyu antibayotiki hazimsaidii, na wengi wa aina hii wamezimeza kwa miaka.

Ulikulia wapi, na ulioga wapi?

Swali hili haliulizwi inavyotakiwa, na kwa pwani yetu lilipaswa kuwa la kwanza. Kichocho cha mkojo kipo Unguja na Pemba, kipo pwani ya Tanzania bara, kipo Kwale, Kilifi na Tana River nchini Kenya, na kipo kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Shinyanga na Simiyu, Tanzania. Ziwa Victoria lenyewe linajulikana zaidi kwa kichocho cha tumbo, ambacho minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Konokono wanaokibeba huishi maji baridi: mito, madimbwi, mifereji. Kuogelea baharini hakuleti kichocho.

Minyoo hawa kwa kawaida huishi mwilini miaka 3 hadi 10, na wengine huzidi hapo. Msichana aliyefua mtoni akiwa na miaka 12 anaweza kuwa anaumwa na mayai yao akiwa na 25, anaishi ghorofani mjini. Mayai yanayokwama kwenye kuta za kibofu, kwenye mlango wa kizazi na kwenye mirija ya uzazi huleta uvimbe, kisha makovu. Kwa mwanamke dalili zake ni maumivu ya chini, damu baada ya tendo la ndoa, uchafu ukeni na kuchelewa kushika mimba. Ukizisoma haraka utasema ni ugonjwa wa zinaa, na ndivyo anavyoambiwa, na ndoa nyingine huingia doa kwa tuhuma ambayo chanzo chake ni mto. Makadirio yanayotumiwa na mashirika ya afya ya kimataifa ni wanawake na wasichana wapatao milioni 56, karibu wote Afrika.

Mkojo wa kichocho haukingwi kama ule wa UTI. Utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Kabla yake tembea kwa kasi au panda na kushuka ngazi dakika chache. Na hapa tone la mwisho ndilo la thamani: kamua kibofu mpaka kiishe, kwa sababu mayai hushuka mwishoni. Ukipeleka mkojo wa katikati wa saa 1 asubuhi, unaweza kuambiwa huna kichocho ilhali unacho. Kwa mwanamke, hata mkojo safi hauondoi kichocho cha via vya uzazi. Hapo lazima mlango wa kizazi uangaliwe kwa kifaa cha kufungulia uke, mtaalamu akitafuta mabaka ya manjano yanayofanana na chembe za mchanga.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, yaani vidonge 4 vya miligramu 600, mara moja, baada ya kula. Akipewa viwili, minyoo wengi wanabaki. Dawa hii pia haiui minyoo michanga, kwa hiyo aliyeingia majini karibuni hurudia baada ya wiki kadhaa. Makovu yaliyokwishajengeka hayafutiki, ndiyo sababu ya kuwatibu watoto wa kike mapema.

Kalenda ya hedhi

Maumivu ya kawaida ya hedhi huanza na damu au saa chache kabla, yakaisha ndani ya siku 2 au 3. Yanatokana na kemikali ziitwazo prostaglandini, zinazoukaza msuli wa kizazi. Ibuprofeni huzizuia zisitengenezwe, na kwa sababu hiyo inatakiwa imezwe dalili ya kwanza tu inapojitokeza: miligramu 400 baada ya chakula, kila saa 8, kwa siku hizo 2 au 3. Anayesubiri mpaka ajikunje kitandani anakuta kemikali imeshajaa, kisha anasema dawa haifanyi kazi. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu au mimba asiitumie bila kumwona daktari.

Endometriosisi ina sura nyingine. Utando unaofanana na ule wa ndani ya kizazi umeota nje yake, juu ya ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo. Maumivu hutangulia damu kwa siku kadhaa, yanaendelea baada yake, tendo la ndoa linauma kwa ndani kabisa, na haja kubwa inauma siku za hedhi tu. Hiyo dalili ya haja kubwa itaje kwa daktari hata kama hajakuuliza. Inakadiriwa mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao ugonjwa huu, na mara nyingi miaka hupita kabla haujatambuliwa, kwa sababu altrasaundi ya kawaida inaweza kuonyesha kila kitu safi. Kumwambia msichana anayekosa shule kila mwezi kwamba "akizaa yataisha" si tiba. Zipo dawa za homoni, zikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango na kitanzi chenye homoni, na upo upasuaji wa matundu madogo.

Fibroidi, yaani vimbe vya msuli wa kizazi, na vimbe vya maji vya ovari nitavipitia haraka, maana vinatajwa sana kuliko vinavyouma. Fibroidi ya sentimita 2 iliyoonekana kwenye altrasaundi mara nyingi haina hatia. Fibroidi zinazosumbua huja na damu nyingi, uzito wa nyonga au kukojoa mara kwa mara. Uvimbe wa maji matupu wa chini ya sentimita 5 kwenye ovari, kwa mwanamke ambaye bado anaona siku zake, mara nyingi hupotea wenyewe ndani ya mizunguko 2 au 3. Rudia altrasaundi kabla hujauza shamba kwa ajili ya upasuaji.

Aliyejifungua kwa upasuaji aguse kovu lake. Kijivimbe kwenye kovu kinachouma na kuvimba kila hedhi huenda ni endometriosisi ya kovu. Na kama unaweza kuonyesha panapouma kwa ncha ya kidole kimoja, jaribu hivi: lala chali, kandamiza hapohapo, kisha inua kichwa na mabega bila kutumia mikono. Maumivu yakizidi, tatizo huenda liko kwenye ukuta wa tumbo, mara nyingi neva iliyobanwa, na sindano ya ganzi mahali hapo inaweza kumaliza maumivu ambayo vipimo vitano havikuyaona.

PID

Hapa makosa ni ya aina mbili: kuitaja pasipokuwepo, na kuitibu nusu. Ugonjwa wenyewe ni maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni, yakavuka mlango wa kizazi, yakafika kwenye mirija. Kisonono na klamidia ndizo waanzishaji wakubwa, kisha bakteria wengine wanafuata. Maumivu huwa mazito, mara nyingi pande zote mbili, yanazidi wakati wa tendo, na huenda kukawa na uchafu ukeni, damu isiyo ya hedhi au homa.

Wengi huambiwa "altrasaundi imeonyesha PID" kwa sababu ya maji kidogo nyuma ya kizazi. Maji hayo huonekana pia kwa wanawake wenye afya, hasa yai linapopevuka. Kipimo cha msingi ni vidole vya mtaalamu: akiusogeza mlango wa kizazi taratibu na ukaruka kwa maumivu, hapo pana jambo. Kama hakuna aliyekupima hivyo, utambuzi haujakamilika.

Tiba inayotumika sana ina vipande vitatu, kwa sababu wadudu ni wa aina tofauti: sindano ya seftriaksoni mwanzoni, doksisaiklini ya miligramu 100 mara mbili kwa siku, na metronidazoli mara mbili kwa siku, vyote viwili kwa siku 14. Mjamzito hapewi mpangilio huu. Wengi huishia siku ya tano, doksisaiklini ikiwa imewachoma kifua na metronidazoli imewaachia ladha ya chuma mdomoni. Meza doksisaiklini baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji, ukae wima nusu saa. Usiichanganye na maziwa, vidonge vya madini ya chuma wala dawa za kiungulia. Baada ya saa 72 lazima kuwe na nafuu. Isipokuwepo, rudi ukaangaliwe kama kuna jipu.

Halafu mwenza. Kila aliyekutana naye katika siku 60 zilizopita atibiwe wakati huohuo, awe na dalili au asiwe nazo. Klamidia kwa wanaume wengi haina dalili hata moja, na mume anayesema "mimi naona niko sawa" ndiye anayeirudisha mwezi ujao, ikaitwa PID sugu.

Vile vifuko vya mitishamba vinavyouzwa mitandaoni kwa jina la kusafisha kizazi, tafadhali viacheni. Kizazi hujisafisha chenyewe. Vifuko hivyo, pamoja na sabuni na ndimu za kujisafishia ndani, huunguza kuta za uke na kuwaondoa bakteria walinzi.

Wanaume, utumbo, na umri

Ngiri halisi inaonekana: uvimbe kwenye kinena unaotokeza ukikohoa au ukinyanyua ndoo, unaorudi ukilala. Haina dawa ya kunywa, inashonwa. Ukigoma kurudi, ukawa mgumu na unauma, ni dharura. Mwanaume asiye na uvimbe wowote, anayeumwa kati ya korodani na njia ya haja kubwa, na akimwaga mbegu inauma, afikiriwe tezi dume. Ikiwa ni ya bakteria, tiba yake ni ya wiki 4 hadi 6, si siku tano.

Kushoto chini, mtu anayepata choo chini ya mara 3 kwa wiki na kigumu kama mavi ya mbuzi, chanzo chake huenda ni hicho choo: maji, mboga za majani, kunde, na kutokukibana kinapokuja. Maumivu yanayobadilika kila unapokwenda chooni, mara kuhara mara kufunga, angalau siku moja kwa wiki kwa miezi, bila damu wala kukonda, yanaelekea kwenye utumbo unaosumbuka bila kidonda.

Kukonda, homa za jioni na jasho la usiku zinaelekeza kwenye kifua kikuu cha tumbo, ambacho hupenda upande wa kulia chini, hata kwa asiyekohoa. Damu kwenye choo isiitwe bawasiri mpaka mtu ameangalia. Na mama aliyevuka miaka 50 ambaye tumbo limejaa kila siku kwa wiki kadhaa, anashiba kwa vijiko vitatu na nguo zinambana, apelekwe altrasaundi ya ovari mapema. Umri huo tumbo la namna hiyo lisiitwe gesi.

Daftari

Andika miezi miwili. Mistari iwe mifupi, mfano:

Tarehe 3, siku ya 26 ya mzunguko: kushoto chini, 4 kwa 10, linavuta, choo kigumu.
Tarehe 5, siku ya 28: katikati, 8 kwa 10, limeanza saa 9 usiku kabla ya damu, ibuprofeni 1, limeshuka hadi 5.
Tarehe 6, siku ya 1: 8 kwa 10, haja kubwa imeuma kama kisu.

Mistari hiyo mitatu inamwelekeza daktari mbali na UTI kuliko karatasi kumi za mkojo. Nenda nayo pamoja na majibu yote ya zamani, yakiwa yamepangwa kwa tarehe, hata yale yaliyoandikwa "hakuna kitu". Ganda la vidonge ulivyokwisha kumeza usilitupe: jina na miligramu zilizochapwa nyuma yake ndizo zinazomwonyesha daktari ni wadudu gani wameshalengwa, kwa kiasi gani, na ni wapi hawajaguswa.